Siku Mwalimu Cherono Alipotuambia Kalamu Chini

Ninyi walimu wapya mnaosomea digrii mkiwa mmejilaza kwenye kochi, kamera imezimwa, mhadhiri anadhani mko makini kumbe mnamenya viazi, sogeeni kidogo niwaambie sisi tulisomea wapi. Tulisomea kati ya vifaranga na Roho Mtakatifu.

Si utani. Kampasi yetu hapa Nakuru mjini ilikuwa ghorofa moja tu ya jengo la watu wengi. Chini yetu kulikuwa na agroveti, duka la dawa za mifugo, inayouza vifaranga wa siku moja. Juu yetu kulikuwa na kanisa lenye spika kubwa kuliko mimbari. Mhadhiri akisema jambo zito kuhusu mtaala, chini wanaitika pio pio pio, juu wanaitika amina. Hakuna profesa duniani aliyewahi kuungwa mkono namna hiyo. Na mwezi wa pili, upepo ukishuka kutoka Menengai, vumbi lilikuwa linaingia darasani bila kujiandikisha, linakaa mstari wa mbele, na nina hakika vumbi lingine lilihitimu kabla yetu.

Mimi naitwa Mwalimu Shiundu. Babu alikuja Nakuru na reli, baba akafanya kazi kiwandani, mimi nikashika chaki. Nimefundisha shule za msingi hadi serikali iliponiambia nipumzike, na sasa nakaa mtaa wa Free Area na mke wangu na ng'ombe mmoja aliyesoma sana, nitawaeleza. Nilianza chuo kikuu nikiwa na mvi za kutosha kujaza mto. Masomo yetu yalikuwa ya jioni siku za kazi, Jumamosi kutwa, na likizo za Aprili, Agosti na Desemba, wakati wenye akili wanapumzika.

Naandika haya kwa sababu kijana mmoja anayefundisha sekondari ya msingi, jirani yangu, alinisimamisha juzi langoni. Akanisalimia vizuri, niaje mzee, kisha akaniuliza kama kweli inafaa mtu kurudi kusoma na huku ana darasa la watoto sitini, mke, na mtoto mchanga anayelia zamu ya usiku. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu nikianza kujibu kwa mdomo mtoto wake ataanza kunyoa ndevu kabla sijamaliza.

Basi jambo la kwanza. Mwalimu ndiye mwanafunzi mgumu kuliko wote aliowaumba Mungu. Ukiwaweka walimu arobaini katika chumba kimoja na mhadhiri mmoja, huna darasa, una walimu arobaini na mmoja. Jioni ya kwanza Dkt. Muthoni, aliyetufundisha takwimu na ambaye ndiye mwalimu wangu hadi leo, alichelewa kidogo kwa sababu ya mvua. Alipofika alikuta ubao umefutwa, madirisha yamefunguliwa, mwalimu wa zamu ameshachaguliwa, na bwana mmoja mkuu wa shule kutoka Mai Mahiu yuko mbele anatufundisha. Anafundisha nini? Hata yeye hakujua. Aliona darasa halina mtu mbele, mkono ukaenda kwenye chaki wenyewe.

Dkt. Muthoni akakaa nyuma, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kama tumeelewa. Tukaitika kwa pamoja, kwa ule wimbo mnaoujua, "Ndiyooo mwalimuuu." Akacheka mpaka akavua miwani. Akatuambia kwamba kwa miaka yote aliyofundisha wanafunzi wachanga hajawahi kujibiwa hivyo, na kwamba yeyote atakayeitikia tena bila kuelewa atamrudisha gredi ya kwanza.

Katika vikundi vya majadiliano ilikuwa kioja zaidi. Kila mtu alitaka kushika ubao, hakuna aliyetaka kukaa. Kikundi chetu kilikuwa na mtu mmoja tu asiyekuwa mwalimu, Sista Akinyi, muuguzi wa hospitali, ambaye alichukua somo la takwimu pamoja nasi kwa sababu kozi yao na yetu zilikutana hapo. Yeye alikuwa anakuja na viatu vyake vyeupe, anakaa, anasikiliza. Sisi tunapigania chaki, yeye anasikiliza. Mtihani wa kwanza alituzidi wote. Nikamuuliza siri. Akaniambia, "Mwalimu, mimi kazini nikiongea badala ya kusikiliza, mtu anakufa."

Shikeni hilo. Ukienda kusoma, acha chaki nyumbani.

Huyo huyo Sista ndiye aliyetufundisha kulala. Msicheke, ni ujuzi. Mtu mzima anayefanya kazi na kusoma hafi kwa ugumu wa vitabu, anakufa kwa usingizi uliokaa vibaya. Alituonyesha kulala kati ya somo na somo, mikono juu ya dawati, paji la uso juu ya mikono, na mwenzako mmoja akiwa macho wa kukuamsha. Nililala hivyo mara nyingi mpaka nikawa nalala kwa kiwango cha shahada ya uzamili.

Na ng'ombe je? Ng'ombe ndiye niliyekuwa namfundisha niliyosoma. Alfajiri nikimkamua namweleza nadharia za ukuaji wa mtoto, hatua kwa hatua. Ukiweza kueleza jambo kwa sauti, mbele ya kiumbe asiyejali kabisa, bila kuangalia karatasi, hilo jambo ni lako. Ukikwama katikati, rudi kitabuni. Alikuwa ananiangalia huku anatafuna, na nimekutana na wakaguzi wa shule waliotafuna vibaya zaidi. Leo mnaiambia simu iwasomee, iwafupishie, iwaandikie, na sina ugomvi na simu, hata mimi inanisomea magazeti. Lakini mkimaliza mwelezeni ng'ombe. Mkikosa ng'ombe, mwelezeni mume.

Sasa nifike kwa Cherono, maana ndiye niliyemkusudia.

Mwalimu Cherono alikuwa anafundisha watoto wadogo katika shule moja ya mashambani upande wa Rongai, kule kwenye mahindi yasiyo na mwisho. Mama mfupi, sweta ya kijani, sauti ya kupasua mawe. Shuleni kwao ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitihani tangu enzi na enzi. Kengele ya mkono ya shule ilikuwa chini ya mamlaka yake, na nasikia hata mwalimu mkuu alikuwa anaomba ruhusa kuigusa. Tuliandikishwa chuoni siku moja, kwenye foleni moja, tukaahidiana kwamba tumeingia pamoja na tutatoka pamoja, na ambaye atachoka mwenzake atamburuta.

Masomo yote aliyapita kama anayekwenda sokoni. Saikolojia, mtaala, uongozi, yote. Takwimu ikamkataa. Alianguka mara ya kwanza. Akarudia, akaanguka tena. Na sheria ya chuo ilikuwa kama ukuta: ukianguka somo moja mara tatu, kozi yako imekwisha, haijalishi mengine umepitaje. Miaka yote ile, likizo zote zile, inaingia shimoni.

Kilichofanya liwe zito zaidi ni watoto. Cherono alikuwa amewaambia wanafunzi wake kwamba yeye pia ni mwanafunzi, ana mwalimu wake, ana mtihani wake. Aliwaambia ili wapende kusoma. Kumbe amejitia kitanzi, kwa sababu kuanzia hapo kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya sala, darasa zima linamuuliza, "Mwalimu, umepita?" Na yeye alikuwa anapanda na darasa lake mwaka hadi mwaka, kwa hivyo hakuna aliyesahau. Alipoanguka mara ya kwanza aliwaambia ukweli. Alipoanguka mara ya pili akawaambia tena. Siku hiyo msichana mmoja mdogo anayeitwa Jebet alitoka mstari wa mbele, akamletea penseli yake mwenyewe, fupi kama kidole gumba, nyuma imetafunwa, akamwambia, "Tumia hii, huwa inapita."

Cherono alinisimulia hayo tukila chapati na maharagwe kibandani, nyuma ya kampasi. Alisimulia kama kichekesho. Lakini penseli ilikuwa ndani ya mkoba wake, imefungwa kwenye leso, na aliponionyesha hakucheka.

"Shiundu," akaniambia, "mimi naweza kumwambia mume wangu nimeshindwa. Hata pasta naweza. Lakini hawa watoto nitawaambia nini mara ya tatu? Ati wajaribu tena na mimi nimefukuzwa?"

Nililipia chai.

Dkt. Muthoni ndiye aliyemfungua. Jumamosi moja baada ya somo alimkalisha, mimi nikiwa pembeni nasubiri, na badala ya kumrudisha kwenye kitabu alimwuliza wiki yake imeendaje. Cherono akasema alikuwa zamu ya uji. Akaanza kulalamika kuhusu uji, na Cherono akilalamika hasimami. Kwamba sufuria inatosha kila mtoto kikombe kimoja, hesabu haina makosa, lakini mpishi akianza kuteka, wa mbele wanapata uji mzito mpaka juu, wa katikati wanapata maji ya uji, na wa mwisho wanapata mapovu. Ukiuliza unaambiwa kila mtoto amepata kikombe.

Dkt. Muthoni akamwacha amalize. Kisha akasema kwa upole, "Kile kikombe kimoja kimoja ndicho wastani. Yale mapovu ndiyo mtawanyiko. Wewe umekuwa ukigombana na mtawanyiko maisha yako yote, mama. Hukujua tu jina lake."

Nilimwona Cherono akinyamaza. Nyinyi hamumjui, kumwona amenyamaza ni kama kuona ziwa Nakuru limekunjwa likawekwa mfukoni. Akachukua karatasi, akaandika idadi za vikombe kutoka kichwani mwake, wa mbele, wa katikati, wa nyuma, akaanza kukokotoa umbali wa kila kikombe kutoka kwenye wastani. Chini vifaranga wanalia, juu wanaimba, yeye hasikii. Tangu siku hiyo kila fomula ilipita kwanza kwenye sufuria ya uji. Alinielekeza hata mimi, niliyekuwa nimepita kwa kubahatisha.

Hilo nalo lishikeni, ninyi mtakaofundisha watu wazima siku moja. Mtu mzima haji mtupu kama mtungi. Anakuja amejaa tayari. Kazi yako ni kumwuliza wiki yake imeendaje.

Basi ikafika siku ya mtihani wa tatu. Jumamosi alasiri, darasa lile lile. Mimi nilikuwa nafanya karatasi nyingine katika chumba hicho hicho, kwa sababu walituchanganya. Sista Akinyi naye alikuwepo na karatasi yake, shifti inamsubiri. Simu zetu zote zilikusanywa kwenye beseni la plastiki karibu na meza ya mbele. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kitambo, nadhani iliuawa na vumbi. Msimamizi alikuwa kijana mmoja msaidizi wa mhadhiri, mpole sana, suti kubwa kuliko yeye, na ndiye peke yake aliyekuwa na simu ya kumwonyesha wakati.

Cherono alikaa mbele yangu upande wa dirisha. Alitoa leso, akaifungua, akaiweka ile penseli juu ya dawati kama mtu anayeweka mshumaa. Kalamu ya kuandikia ilikuwa nyingine. Tukaanza.

Nilikuwa namwibia jicho mara kwa mara, si kumwibia majibu, karatasi zetu hazikufanana, bali kuona bega lake. Mwalimu hujua mtoto anayeelewa kwa kuangalia bega. Bega lilikuwa limetulia. Aliandika, akapindua, akaandika. Baadaye aliniambia alivyopanga: swali la mtawanyiko alilitambua tangu mwanzo, lilikosa vikombe tu, lilikuwa uji mtupu, na ndilo lililobeba alama nyingi kuliko yote. Akaliacha la mwisho, kwa ule ushauri wa Dkt. Muthoni kwamba swali unalolijua ni nyama. Kama mtoto anayekula ugali na mboga kwanza, nyama ameisukuma pembeni ya sahani, aimalizie kwa raha.

Alikuwa ameshamaliza mboga. Ndiyo kwanza anapindua ukurasa wa nyama.

Chini barabarani kulikuwa na dalali wa mnada, wale wanaotangaza makochi na friji kwenye uwanja. Na dalali ana nini mkononi? Kengele. Kengele ya shaba ya mkono, ndugu kamili wa ile ya shule ya kina Cherono. Akaipiga. Kwa nguvu.

Cherono akasimama.

Hakufikiri. Kama angefikiri angekaa. Mwili ndio uliosimama, mwili uliosimamia mitihani tangu enzi na enzi. Akasimama wima, sweta ya kijani, akatoa ile sauti:

"Kalamu chini!"

Na kalamu zikaenda chini. Zote. Nataka mwelewe kilichotokea, maana wasio walimu wakisikia hawaamini. Katika chumba kile kulikuwa na walimu wakuu, walimu wa sayansi, watu wenye watoto chuo kikuu, watu walioendesha shule zenye watoto elfu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Baadhi yao walikuwa na saa mkononi na hawakuziangalia, kwa sababu mwalimu akisikia kalamu chini haangalii saa, anaangalia kalamu yake. Mimi mwenyewe nilikuwa katikati ya neno. Nililiacha neno limekatwa kiuno.

"Funga karatasi. Kunja mikono."

Tukafunga. Tukakunja mikono. Yule mkuu wa shule wa Mai Mahiu, mtu mwenye kitambi cha heshima, alikunja mikono mpaka vifungo vikalia.

Yule kijana msimamizi alikuwa dirishani anaangalia mnada. Aligeuka kwa kuruka. Na msimlaumu, kwa sababu naye alilelewa na nani? Alilelewa na sisi. Aliposikia sauti ile, darasa la nne liliamka ndani yake. Akaanza kupita mistari akikusanya karatasi mbio mbio, akiomba msamaha njiani.

Sista Akinyi akanyanyuka na mkoba wake. Shifti. Alifika karibu na mlango, akamkuta Cherono ameshasimama pale, mgongo mlangoni.

"Sista, kaa."

"Mwalimu, mimi niko na wagonjwa."

"Hakuna mtu kutoka hapa mpaka hizi makaratasi zihesabiwe. Na hakuna kuongea."

Sista Akinyi, aliyewahi kumfukuza daktari bingwa wodini, akarudi akakaa.

Kwa hivyo tukabaki hivyo. Watu wazima wa kaunti ya Nakuru na viunga vyake, mikono imekunjwa, midomo imefungwa, tukimsikiliza dalali akisifu friji. Kijana alihesabu karatasi, zikatosha. Akatoa simu aandike muda juu ya bahasha. Akaiangalia. Akaiangalia tena. Akaitikisa kidogo, kama mtu anayetikisa redio.

Nikajua. Nilijua kutoka usoni mwake, na nikamtazama Cherono, naye alikuwa anamtazama kijana. Aliuliza kwa sauti ndogo, na sikuwahi kumsikia na sauti ndogo, "Bado?"

"Bado karibu nusu saa, mwalimu."

Ndugu zangu. Nimeona mama akipokea habari mbaya hospitalini, nimeona wazazi siku ya matokeo. Cherono alirudi mahali pake taratibu, akakaa mbele ya dawati tupu lenye penseli fupi peke yake, na akaiangalia hiyo penseli. Karatasi yake ilikuwa kwenye rundo, mezani, swali la nyama halijaguswa. Na sheria tulisomewa mwanzoni kabisa: aliyetoa karatasi akaondoka chumbani, amemaliza. Hakuna aliyemlaumu. Nafikiri tungemlaumu angejisikia afadhali.

Mlango ukafunguliwa. Dkt. Muthoni. Alikuwa anapita vyumbani kuona kama kuna mwenye shida. Akasimama mlangoni akatuangalia, mstari hadi mstari, ile mikono.

"Ni nini hii?" akauliza. "Kwani mmekamatwa?"

Kijana akaanza kueleza, akajikwaa. Cherono akasimama.

"Ni mimi, Daktari. Nilisikia kengele nikasimamisha mtihani. Muda haukuwa umeisha. Karatasi zimekusanywa. Hawa wengine hawana makosa, walinitii tu."

Dkt. Muthoni hakucheka. Nilimwona akitaka kucheka na akikataa. Akamgeukia kijana, akamuuliza swali moja.

"Kuna mtu amevuka huu mlango?"

"Hapana, Daktari. Walikatazwa."

"Nani aliwakataza?"

Kijana akaangalia sakafu. "Huyo huyo."

"Kuna walioongea?"

"Ni yeye, Daktari, na Sista aliyeomba kutoka tu. Alikataza hata kuongea."

Kisha Dkt. Muthoni akaenda mezani, akachukua lile rundo, akasema polepole, kama anayesoma hukumu, kwamba sheria ya chuo inasema aliyetoka. Haisemi aliyekunja mikono. Kama angetoka hata mmoja, au wangenong'ona hata wawili, angefuta mtihani wote na sote tungerudia mwaka ujao. Lakini kwa miaka yake yote hajaona chumba cha mtihani kilicholindwa namna hii, na yeye haoni sababu ya kukiadhibu. Akaanza kutugawia karatasi zetu kwa mkono wake mwenyewe, akaongeza muda tuliopoteza, na akamwambia Sista Akinyi kwamba wodini atapiga simu yeye.

Alipofika kwa Cherono aliiweka karatasi mezani, akainama, akamwambia kitu kimoja. Nilikuwa nyuma yao, nilisikia.

"Kula nyama yako, mama."

Bega likatulia. Akaandika.

Mpaka leo watu wa darasa letu tukikutana tunabishana juu ya siku ile. Mkuu wa Mai Mahiu anasema Cherono alituangusha kisha akatuokoa. Mimi nasema hapana, alifanya jambo moja tu, mara moja, na lilikuwa kazi yake. Mtu hawezi kuvua kazi yake mlangoni kama gambuti. Utaingia nayo chuoni, itakuaibisha, itakuchekesha, kisha siku usiyotarajia itasimama mlangoni na kuzuia mambo yasiharibike. Ndiyo maana namwambia yule jirani yangu, na wewe unayesoma: usingoje eti maisha yatulie ndipo ukasome. Nenda na hayo hayo maisha. Nenda na mtoto anayelia, nenda na uchovu. Hayo ndiyo utakayosomea, kama Cherono na uji.

Matokeo yalitoka wakati nilikuwa nafanya utafiti wangu wa mwisho, na shule niliyochagua ilikuwa ya Cherono. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa lake kwenye kiti cha mtoto, magoti yamegusa masikio, nimejifanya mtafiti. Ilikuwa Jumatatu. Aliingia, akaweka mkoba mezani, na kabla hajafungua mdomo darasa zima likasimama.

"Mwalimu, umepita?"

Cherono alitoa leso kwenye mkoba. Akaifungua bila haraka, akatembea hadi mstari wa mbele, akaiweka ile penseli juu ya dawati la Jebet.

"Nimepita," akasema.

Jebet akaichukua penseli, akaikagua pande zote kama fundi anayerudishiwa nyundo. "Si nilikuambia," akasema.

Kisha yule mtoto akamwelekeza mwalimu wake asimame mbele, mahali wanaposimama wao wakifanya vizuri. Na Cherono, mwenye kengele, mwenye sauti ya kupasua mawe, akaenda akasimama, mikono imeshuka ubavuni, shingo imeinama kidogo. Watoto wakapasha moto viganja, wakavisugua mpaka nikahofia darasa litashika moto, kisha wakapiga kofi moja, moja tu, la pamoja. Njiwa waliruka kutoka juu ya mabati. Nasikia walitua Molo.

Cherono alijifuta uso na kitu cha kwanza alichokishika, nacho kilikuwa kifutio cha ubao. Akageuka kwetu mweupe kama aliyepakwa unga, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akaniona huko nyuma, kwenye kile kiti.

"Mwalimu Shiundu, njoo mbele na wewe. Tuliingia pamoja."

Nikasimama, kiti kikanishika, nikakivua, nikaenda. Nilisimama kando yake. Tangu nilipokuwa mtoto wa shule pale kwenye nyumba za reli hakuna mtu aliyewahi kunisimamisha mbele ya darasa kwa jambo jema.

Jebet akanipima kutoka viatuni hadi kwenye mvi.

"Huyu mzee pia?" akauliza.

"Pia," akasema Cherono. "Haya, pasheni moto."